Tuchukulie Dawa Ilikuwapo

Mambo yaliharibika siku ya Jumanne, tarehe kumi na tisa, mwezi wa nane, saa kumi na dakika ishirini alasiri, pale Mzee Shomvi alipotundika kitambaa chake msumarini na kuondoka bila kufuta ubao wa Ukumbi Namba Tatu.

Kwa miaka ishirini na sita hakuwahi kufanya hivyo. Kazi yake katika Chuo Kikuu cha Jamhuri Tukufu ya Mbelembele ilikuwa hiyo tu: maprofesa wanaandika, yeye anafuta. Shule aliiacha darasa la nne, paa lilipoibwa, lakini elimu aliyoifuta kwa mkono wake ni nyingi kuliko waliyoipata wengi wenye majoho. Kila jioni mkewe Mwasiti humpokea mlangoni, humpangusa vumbi la chaki kichwani, humwuliza, "Leo umefuta nini?" Naye humjibu kwamba leo amefuta vita viwili vya zamani na nusu ya figo ya ng'ombe, na Mwasiti hucheka kama hajawahi kuisikia.

Siku hiyo aliwahi kutoka kwa ajili ya Mwasiti huyohuyo. Mwasiti alikuwa na ugonjwa wa sukari. Dawa yake ya sindano hutoka ng'ambo, katika kichupa kidogo ambacho walikihifadhi ubavuni mwa mtungi wa maji kisipate joto, na kichupa kilikuwa kimebakiza sindano mbili. Duka la dawa hufungwa saa kumi na moja. Mzee Shomvi aliutazama ubao, akaona mstari mmoja tu, akajisemea kwamba mstari mmoja hauozi, ataufuta asubuhi.

Mstari wenyewe ulisomeka hivi: Tuchukulie kwamba fanaka 1 = dola 1.

Fanaka ndiyo pesa ya Mbelembele. Siku zile dola moja ilinunuliwa kwa fanaka arobaini, na hata wauza mishikaki walilijua hilo. Aliyeandika mstari ule ni Profesa Bonaventura Kizibo, mwalimu wa Uchumi wa Nchi Iliyo Wazi na Fedha za Kimataifa, na hakuuandika kwa ubaya. Alikuwa akifundisha namna pesa ya nchi moja inavyogeuzwa kuwa ya nchi nyingine. Wanafunzi wakashindwa kugawanya kwa arobaini. Yeye akajaribu, akashindwa pia. Basi akaona achukulie moja kwa moja, hesabu iende na watu wakale. Alipotoka alimwambia Mzee Shomvi, bila kugeuza shingo, "Futa, mzee."

Alisema futa. Jambo hilo lishikwe vizuri, maana baadaye hakutokea mtu wa kulikumbuka.

*

Asubuhi yake Baba wa Mbele, ndivyo wanavyomwita mkuu wa nchi ile, alikuja chuoni kuzindua choo. Choo kilikuwa na marumaru, kilikuwa na utepe na picha yake juu ya kila tundu. Maji ndiyo hayakuwapo. Na wafanyakazi walikuwa wamekijaribu tangu juzi, tena walikijaribu kweli. Mgeni hajafika nusu ya zulia, harufu ikamlaki kabla ya kwaya. Wakubwa wa chuo wakamgeuza upesi, wakamwingiza kwenye mlango wa kwanza walioukuta wazi. Ulikuwa mlango wa Ukumbi Namba Tatu, na Mzee Shomvi alikuwa ndani, kitambaa mkononi, hatua tatu kutoka ubaoni. Askari akamsukuma ukutani.

Baba wa Mbele akausoma ule mstari kwa muda mrefu, midomo ikicheza. Kisha akauliza nani kaandika. Profesa Kizibo akasukumwa mbele, suruali imeloa mapaja mawili, akakiri.

"Miaka kumi na minane," akasema Baba wa Mbele, "benki wananiletea makabrasha kunieleza kwamba pesa yetu haiwezi kuwa sawa na dola. Wewe umeiweza kwa mstari mmoja."

Profesa akataka kusema kwamba ule ni mfano tu. Kinywa chake kilifunguka, Mzee Shomvi alikiona kwa macho yake mpaka kilimi. Halafu Profesa akaona dereva anafungua mlango wa gari kubwa jeusi, na mlango ule unamtazama yeye. Kinywa kikajifunga. Waliokufa baadaye wote wamezikwa katika kinywa kile.

Kabla jua halijazama redio ikatangaza kwamba kuanzia leo fanaka moja ni dola moja, na atakayesema vinginevyo ni mhujumu wa sarafu. Profesa Kizibo akawa Gavana wa Benki Kuu.

Sasa, katika Mbelembele kuna desturi: chaki ya mkubwa haifutwi na mdogo. Alichoandika mkubwa hufutwa kwa ruhusa yake au kwa mkono wake, na mkubwa akishapanda, mkono huwa mzito na ruhusa husahaulika. Mzee Shomvi alijaribu kueleza kwamba ruhusa alishapewa, jana, saa kumi na robo. Wakamwuliza ana shahidi gani. Akasema shahidi ni Gavana mwenyewe. Wakacheka mpaka mmoja akapaliwa na kutema kohozi sakafuni, ambalo yeye ndiye aliyelipangusa.

Ubao ukazungushiwa kamba nyekundu na kuwekewa askari wawili. Kitambaa kikapelekwa makumbusho. Kazi ya kufuta ikafutwa, na Mzee Shomvi akapewa cheo kipya, Mtunza Vumbi: kufagia chini ya ubao kwa namna ambayo vumbi halitanyanyuka.

*

Wakubwa wakaanza kwenda Benki Kuu na magunia ya fanaka, wakawa wanapewa dola moja kwa moja, kama watu wanaopeana salamu. Dola zote za nchi ziliisha kwa majuma matano. Zilinunua jibini lenye mashimo, magari yasiyoenea kwenye mageti ya wenyewe, na vyakula vya makopo vya mbwa wa Baba wa Mbele, mbwa ambao tangu wazaliwe walikula mifupa na hawakuwahi kulalamika. Waagizaji wa dawa walipofika dirishani waliambiwa wajaze fomu. Walipoomba fomu, waliambiwa zinachapwa ng'ambo, na ng'ambo wanataka dola.

Nchi ikatangazwa rasmi kuwa Nchi Iliyo Wazi. Na ili uwazi wenyewe usivuje, mipaka yote ikafungwa.

Dawa ya Mwasiti ilipangiwa bei: fanaka mbili, bei ya karanga za kikombe. Bei ilibandikwa katika kila duka kwa wino mwekundu, na chini yake onyo, kwamba mwuza dawa atakayetamka neno "hakuna" atafungwa miaka mitatu. Wahenga walisema lisemwalo lipo. Serikali ikaichukua methali hiyo, ikaifanya mpango wa taifa wa dawa.

Mzee Shomvi alizunguka maduka kumi na moja. Kila alikoingia aliambiwa ipo. La mwisho lilikuwa la Zakaria, aliyemwuzia kile kichupa cha Jumanne, mtu waliyecheza naye mpira wa matambara.

"Ipo?" akauliza Mzee Shomvi.

"Ipo."

"Nipe."

Zakaria akamtupia jicho askari aliyeketi mlangoni akijichokonoa meno. "Ipo, kaka. Habari ya kukupa sijaisema."

"Iko rafu ipi?"

"Shomvi, ndugu yangu, nina watoto."

Rafu zote zilikuwa nyeupe. Juu yake palikuwa na inzi mmoja na picha ya Baba wa Mbele.

Nyumbani Mwasiti alikuwa akinywa maji bila kukoma, mtungi uleule uliokuwa ukitunza dawa akaumaliza kwa kiu. Mwili ulikuwa umemwisha. Utani haukumwisha.

"Nasikia pesa yetu imekuwa sawa na ya Wazungu," akasema.

"Ndivyo wanavyosema."

"Na mimi nimekonda kama wanawake wao. Nchi imeendelea, baba." Akapumzika, akatafuta pumzi. "Leo umefuta nini?"

"Sijafuta kitu."

"Basi utafuta kesho."

Alifariki siku ya Alhamisi, mwezi wa kumi, kabla ya adhuhuri. Mzee Shomvi akakitoa kichupa kitupu ubavuni mwa mtungi, akakitia mfuko wa shati, na tangu hapo hakuvaa shati bila kichupa.

*

Alipokwenda kwa msajili kuchukua cheti cha kifo alimkuta Bi Theopista, mwanamama mwenye kucha ndefu za rangi ya damu ya mzee, anakula mayai ya kuchemsha juu ya mafaili. Akampa karatasi. Mzee Shomvi anasoma polepole, kidole chini ya neno. Sababu ya kifo: uzembe wa marehemu.

Akasoma tena. Kisha akauliza hili neno limetoka wapi.

"Dawa ilikuwapo, bei fanaka mbili," akasema Bi Theopista, yai shavuni. "Marehemu hakuitumia. Huo ni nini kama si uzembe?"

"Mama, mke wangu hakuwa mzembe. Mke wangu alikuwa anafua hata kamba ya kuanikia. Futa neno hilo."

Bi Theopista akamweleza, kwa sauti ya mtu aliyechoka kuelimisha, kwamba neno lile si lake, ni hitimisho. Hitimisho halifutwi peke yake. Anayetaka kulifuta hana budi kuipinga dhana iliyolizaa, na dhana yenyewe iko ubaoni chuo kikuu. Na kwa mujibu wa kanuni, haruhusiwi mtu kuipinga dhana kama hana cheti cha Uchumi wa Nchi Iliyo Wazi. Kozi ni ya mwaka mmoja, masomo ni jioni, wafanyakazi wa chuo wanapunguziwa ada.

Kiini cha yai kikamdondoka, kikaangukia jina la Mwasiti. Bi Theopista akakisugua kwa dole gumba. Jina likafifia likawa doa la manjano. Uzembe ukabaki palepale, mweusi, unang'aa.

*

Ndivyo Mzee Shomvi alivyoingia chuo kikuu akiwa na miaka sitini na mitatu. Mchana alifagia Ukumbi Namba Tatu, jioni aliketi ndani yake na daftari la kurasa thelathini na mbili.

Masomo hayakuwa na haraka. Kwa kuwa ubao haukuweza kufutwa, na mbao nyingine zilipigwa marufuku zisije zikapingana nao, mwaka mzima ulifundishwa kwa mstari mmoja. Kaimu mwalimu aliingia, akausoma kwa sauti, wanafunzi wakaunakili, akatoka. Wiki ya pili waliusoma kuanzia kulia. Mhula wa pili walifundishwa biashara ya nje: tuchukulie tumeuza korosho, tuchukulie zimelipwa, tuchukulie meli ilikuja. Mtihani wa nusu mwaka uliandikwa kwenye karatasi ambazo, tuchukulie, zimeletwa, na waliosema hawazioni walipata sifuri.

Jirani yake alikuwa Leokadia, mwanamke wa makamo, mfanyabiashara wa vitenge, aliyekuwa akirudia kozi mara ya tatu, tangu enzi za Kizibo, kwa kosa la kucheka darasani. Yeye alikuwa na kitabu cha zamani, kimekatwa jalada, anakificha ndani ya kanga. Huyo ndiye aliyemfundisha Mzee Shomvi kitu.

"Hapa wamesema hivi, babu," akamnong'oneza jioni moja. "Kuna mambo matatu. Bei ya pesa isiyotikisika. Mlango wazi wa kupitisha fedha za watu, ziingie zitoke. Na benki inayojiamulia mambo yake. Nchi haiwezi kuwa nayo yote matatu. Chagua mawili, moja liache."

Mzee Shomvi akafikiri kidogo. "Ni shuka fupi," akasema. "Ukijifunika kichwa, miguu iko nje."

"Ndiyo hiyo. Hao walioandika kurasa mia nne, wangekuuliza wewe."

"Na huyu Kizibo wetu kachagua mawili yapi?"

"Kachagua yote matatu. Na la nne ni gari."

Leokadia akacheka, na kaimu akaandika jina lake.

Katikati ya mwaka Gavana mwenyewe alikuja kuuzuru ubao. Alikuwa amenenepa mpaka shingo imezama. Punje ya jibini ilikuwa imenasa kwenye masharubu, na kila alipotamka Mbelembele ilitikisika, haikuanguka. Alibeua kwanza, harufu ikafika safu ya tatu, wakapiga makofi. Kisha akahutubia kwamba mataifa mengine yanahangaika kutumia uchumi ili yapate matokeo, lakini Mbelembele imepiga hatua, imeanza na matokeo, uchumi utakuja wenyewe. Akasema ugonjwa hautoki katika kukosa dawa, unatoka katika kukosa imani na sarafu. Mzee Shomvi alikishika kichupa mfukoni mpaka vidole vikafa ganzi. Alitamani kutapika, ila alijua nani atatumwa kupangusa.

*

Mtihani wa mwisho ulikuwa wa mdomo, mbele ya ubao, mbele ya Gavana. Swali lilikuwa moja kwa kila mtahiniwa: Tuchukulie, eleza. Jibu lilikuwa moja pia. Mtahiniwa anainama anasema, "Nimechukulia, Mheshimiwa," anapewa cheti na soda.

Leokadia alimvuta mkono nje ya ukumbi. "Sema tu, babu. Maneno mawili. Ukishakipata cheti ndipo ukapigane kwa msajili."

Mzee Shomvi alikuwa ameliwaza hilo mwaka mzima. Bila cheti, Mwasiti ni mzembe milele katika karatasi za serikali. Na cheti chenyewe hutolewa kwa kukubali kwamba dawa ilikuwapo. Ukikubali ilikuwapo, basi umelitia sahihi neno la Bi Theopista kwa mkono wako. Walikuwa wamelitengeneza jambo hilo kama mtego wa panya, chambo na chuma ni kitu kimoja.

Jina lake likaitwa. Leokadia alikuwa amekwisha kusema maneno yake mawili, amekaa na soda yake, hainywi.

"Tuchukulie," akasema Gavana bila kuinua macho, "eleza."

"Nimechukulia, Mheshimiwa," akasema Mzee Shomvi.

Kaimu akanyoosha mkono kuchukua cheti.

"Nimechukulia dawa ilikuwapo," akaendelea, "kwa fanaka mbili, Alhamisi ile, kabla ya adhuhuri. Nilipita maduka kumi na moja, na kote niliambiwa ipo. Basi nina swali moja la kukamilishia hesabu." Akakitoa kichupa, akakiweka mezani mbele ya Gavana. Kilikuwa kitupu, na mwanga wa dirisha ulipita ndani yake mpaka kwenye shati la mkubwa.

Gavana akasema kwamba mtahiniwa haulizi. Mzee Shomvi akasema kweli, mtahiniwa haulizi, ngoja aandike. Akaivuka kamba nyekundu. Askari wakainua bunduki, kisha wakatazamana: risasi ingemtoboa mzee na ubao pia, na kosa la mzee lilikuwa dogo kuliko kosa la kutoboa ubao. Katika ile nukta ya kutazamana, Mzee Shomvi akaokota kipande cha chaki kwenye kijisanduku, kilekile alichokiacha Kizibo zaidi ya mwaka nyuma.

Mtu aliyefuta mbao miaka ishirini na sita anajua siri ambayo waandishi hawaijui: mstari upi unafutika peke yake, na upi unaondoka na jirani. Hakuandika chini, walikotazamia. Aliandika ndani ya mstari wa Gavana, herufi zake za darasa la nne akizipitisha katikati ya zile nyingine, mkia wa moja ukiukatiza ule wa dola, jicho la nyingine likiibeba ile fanaka, kama mwanamke anayeshona kiraka kwenye shati la mumewe. Alipomaliza akapangusa mikono kichwani mwake mwenyewe, chaki ikabaki kwenye nywele.

Gavana akaamuru ifutwe. Kaimu akauliza, kwa heshima zote, ifutwe vipi, maana ukigusa ya mzee umegusa ya Mheshimiwa. Gavana akasema aitwe mfuta ubao. Wakamwambia mfuta ubao ndiye huyu, na kazi yenyewe ilishafutwa. Akasema kiletwe kitambaa. Wakamwambia kiko makumbusho, na ufunguo wa makumbusho uko kwa Baba wa Mbele, na Baba wa Mbele yuko ng'ambo kwa matibabu.

Akasikika mtu mmoja tu akicheka, nyuma, na soda mkononi, na safari hii hakuna aliyeandika jina lake.

*

Mzee Shomvi alifelishwa na kufukuzwa kazi siku hiyohiyo. Cheti cha Mwasiti hakikubadilika, bado kina uzembe na doa la yai.

Iliundwa kamati ya watu kumi na wanne kutafuta namna ya kulifuta swali. Ilikula posho miezi sita, ikahitimisha kwamba njia pekee ya kulifuta ni kulijibu. Ikaiandikia Wizara ya Afya. Wizara ikasema aulizwe Gavana. Gavana akasema waulizwe wenye maduka. Wenye maduka wakaulizwa mmoja mmoja, wote wakajibu kwamba ipo.

Na kwa kuwa kila kilicho juu ya ubao ule ni somo, wanafunzi wapya wanalinakili swali lile pamoja na mstari wa Gavana, wanalisoma kwa sauti kila jioni, kuanzia kushoto na kuanzia kulia, nao wakifika nyumbani wanawauliza wazazi wao, na wazazi wanauliza majirani, na wenye marehemu zao wanatoa vyeti sandukuni wanatazama. Wamekwisha kulisoma maelfu, na bado hajapatikana wa kulijibu:

Ilikuwa wapi?